Kwa nini ninaishiwa maneno tunapogombana, na nikae pembeni kwa muda gani?

SWALI: Mshauri, salaam. Nina umri wa miaka 38 na huu ni mwaka wa tisa wa ndoa yangu. Mke wangu akianzisha mazungumzo mazito, iwe kuhusu fedha au malezi ya watoto, hazipiti dakika nyingi moyo wangu huanza kwenda mbio, kifua kinabana, na sauti yake ninaisikia kama inatoka chumba cha pili. Nikitaka kujibu, maneno hayaji. Ninaishia kutazama chini au kutoka nje, naye anasema simjali. Nimewahi kusoma kwamba watu wakigombana ni vizuri wapumzike kwanza kabla ya kuendelea. Naomba unieleze kitaalamu: je, hili ni tatizo la mwili au la tabia? Mapumziko hayo yawe ya muda gani, na nifanye nini ndani yake? Na nikitoka, nitamwonyeshaje kwamba sijamkimbia?

JIBU: Ndugu yangu, wanaume wengi wanaonijia na tatizo kama lako huanza kwa kusema kwamba wake zao wana maneno mengi, na huchukua wiki kadhaa kabla hawajataja moyo unaokwenda mbio. Wewe umeanza na mwili wako, na hapo ndipo jibu linapoanzia. Kwa ufupi, mwili ndio unaoanza na tabia ndiyo inayomalizia, kwa hiyo kila upande unahitaji kushughulikiwa kwa njia yake.

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia unapohisi hatari. Ubongo hupeleka taarifa kwa njia ya mishipa ya fahamu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa. Hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo hupanda polepole na hukawia kushuka. Maandalizi haya yanamfaa mtu anayekimbizwa na mnyama. Hayamfai mtu anayepaswa kusikiliza jambo refu, kupima maana yake na kutafuta jibu la upole, kwa kuwa uwezo wa kufikiri kwa utulivu na kuchagua maneno hupungua wakati uleule unapouhitaji zaidi. Ndiyo maana sauti ya mke wako inakufikia kama inatoka mbali: masikio yako ni mazima, ila umakini wako umehamia kwenye hatari ambayo mwili unadhani ipo.

Mwaka 1983 watafiti Robert Levenson na John Gottman walichapisha utafiti wa wanandoa 30 waliozungumza kuhusu mambo wanayogombania huku mapigo yao ya moyo na jasho la ngozi vikipimwa. Walipowafuatilia baada ya miaka mitatu, waliona kwamba kadiri miili ilivyosisimka zaidi katika mazungumzo yale, ndivyo furaha yao ya ndoa ilivyokuwa imeshuka zaidi. Baadaye Gottman alitoa kipimo ambacho hata mtu wa kawaida anaweza kukitumia, kwamba mapigo yakivuka 100 kwa dakika ilhali umeketi tu, mazungumzo yenye maana hayawezekani tena kwa wakati huo. Gottman alieleza pia kwamba miongoni mwa wanandoa aliowachunguza, karibu asilimia 85 ya waliojifungia kimya mbele ya wenzao walikuwa wanaume.

Hata hivyo, takwimu hiyo isikufanye uamini kwamba wanaume tumeumbwa hivyo na basi. Mwaka 1990 Andrew Christensen na Christopher Heavey walionyesha kwamba hali ya mke kudai na mume kurudi nyuma ilijitokeza zaidi pale mada ilipokuwa badiliko analolitaka mke. Mada ilipokuwa badiliko analolitaka mume, tofauti hiyo haikuonekana. Ninakuomba ulitafakari hili taratibu, maana yawezekana sehemu ya kimya chako inatokana na kwamba mambo yalivyo sasa yanakufaa wewe kuliko yanavyomfaa yeye. Ninalisema kwa sababu nimeona wanaume wakijifunza kutuliza mwili vizuri kabisa, kisha wakautumia utulivu huo kuahirisha mada ileile mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye tabia. Mvulana huambiwa "jikaze" tangu akiwa mdogo sana, naye hujifunza kwamba kujikaza maana yake ni uso usioonyesha kitu. Tatizo ni kwamba kuficha hisia hakuziondoi. James Gross na Levenson, katika utafiti wa mwaka 1993, waliwaonyesha watu filamu fupi ya kuchukiza na kuwataka baadhi yao wasionyeshe lolote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini hisia yenyewe ilibaki palepale, na dalili kadhaa za msisimko wa mwili, kama jasho la ngozi, ziliongezeka. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Emily Butler mwaka 2003, uliwakutanisha wanawake wawili wawili wasiofahamiana ili wazungumzie filamu ya kuhuzunisha, huku mmoja akiwa ameagizwa kwa siri afiche hisia zake. Presha ya damu ya yule mwingine, ambaye hakujua lolote, ilipanda zaidi kuliko ya wale waliozungumza na mtu asiyejificha. Kama hali ilikuwa hivyo kwa watu waliokutana siku hiyo tu, fikiria inavyokuwa kwa mtu anayelala kitanda kimoja na wewe. Mke wako anapopaza sauti mbele ya uso wako mkavu, huenda naye mwili wake umeshavuka kiwango, na kinachoukoroga ni kimya chako.

Kuhusu muda wa mapumziko, ushauri wangu ni dakika 20 kama kiwango cha chini, na kwa watu wengi dakika 30 hadi saa nzima hutosha. Dakika tano hazisaidii. Adrenalini huondoka upesi kwenye damu, lakini kotisoli hukaa zaidi, na mwili ambao haujatulia sawasawa huwaka tena kwa neno moja. Gottman alilijaribu hili kwa njia rahisi sana. Aliwakatiza wanandoa waliokuwa wakibishana, akawaambia kwamba mitambo inahitaji kurekebishwa, akawataka wasome magazeti kwa nusu saa bila kuigusa mada. Waliporejea, mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka na mazungumzo yalikuwa ya watu wengine kabisa. Kiwango cha juu ninachokishauri ni siku moja, kwa kuwa baada ya hapo mwenzako anaacha kusubiri na anaanza kujenga maelezo yake mwenyewe kuhusu kimya chako.

Kumbuka kwamba wale wanandoa walisoma magazeti. Hawakukaa pembeni wakiandaa hoja. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote: mwanamume anatoka nje, mwili umesimama lakini kichwani ugomvi unaendelea, anajibu yale ambayo hakuyajibu, anakumbuka ya mwaka juzi, na nusu saa ikiisha anarudi na hasira mbichi. Usijidanganye pia kwamba kupiga ngumi mto au ukuta kutakupunguzia. Mwaka 2002 Brad Bushman aliwapa watu waliokasirishwa mfuko wa mazoezi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, nao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko waliokaa tu bila kufanya kitu.

Kwa hiyo, ukishatoka, pima mapigo kwanza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Halafu pumua polepole, takriban pumzi sita kwa dakika, ukiitoa hewa kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyoivuta, kwa dakika tano hivi, kwa sababu utoaji wa hewa wa polepole huchochea ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayopunguza kasi ya moyo. Baada ya hapo tembea, osha vyombo, soma kitu. Wazo la ugomvi likija, nalo litakujia bila shaka, lirudishe kando bila kubishana nalo.

Karibu na mwisho wa mapumziko, jaribu kuipa hisia yako jina. Mwanzoni kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ukimuuliza mwanamume aliyelelewa kwa kujikaza anajisikiaje, mara nyingi atakujibu "nimechoka" au "nimekasirika", kwa kuwa hayo ndiyo majina mawili aliyoruhusiwa kuyatumia. Chini ya hasira huenda kuna aibu ya kushindwa kutimiza jambo, hofu ya kuachwa, wivu, uchungu wa kutothaminiwa, au majuto. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha, kwa kupiga picha za ubongo, kwamba mtu anapotaja hisia anayoiona kwenye uso kwa neno lake halisi, msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho, hupungua. Andika neno moja kwenye karatasi ikiwa kulitamka ni vigumu.

Kuna hali ambazo mapumziko peke yake hayazitoshi. Moyo ukienda mbio hata ukiwa umepumzika, au kifua kikibana nje ya ugomvi, muone daktari kabla ya kumuona mshauri. Ikiwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, usingizi umeharibika, unakunywa pombe zaidi ya kawaida au kila kitu kinakuudhi, pimwe sonona, kwa sababu kwa wanaume mara nyingi ugonjwa huu hujificha nyuma ya hasira na kimya. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyohiyo. Na ikiwa katika nyumba yenu kuna kupigana, kutishana au mmoja kumwogopa mwenzake, ushauri huu wa mapumziko haufai kutumika peke yake. Hapo panahitajika mtaalamu, na usalama wa anayeogopa hutangulia kila kitu.

Limebaki swali lako la mwisho, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Lugha yetu inatofautisha kunyamaza, kununa na kususa, na mke wako anayo haki ya kujua wewe uko kwenye lipi. Anayesusa anataka mwenzake aumie. Anayepumzika anataka kurudi. Kwa nje wote wawili wanafunga mlango uleule, kwa hiyo asipoambiwa hawezi kutofautisha. Zungumzeni habari hii siku ambayo hakuna ugomvi. Mweleze kinachokutokea mwilini kama ulivyonieleza mimi, kisha kubalianeni sentensi moja ya kuombea mapumziko, yenye mambo matatu: kwamba umezidiwa, kwamba jambo lake ni la maana, na saa utakayorudi. Kwa mfano: "Nimezidiwa, sikusikii vizuri tena. Hili unalosema ni muhimu, naomba turudi hapa saa mbili na nusu." Itamke mapema, mapigo yanapoanza kupanda, wala usingoje hadi ulimi uwe umeshakwama. Naye awe na haki ya kuitumia sentensi hiyohiyo.

Saa ikifika, wewe uliyetoka ndiye wa kurudi na ndiye wa kufungua mada. Asikutafute, asikukumbushe. Ukiona bado hujatulia, rudi hata hivyo, umwambie hivyo na utaje saa nyingine. Mke aliyezoea kuachwa peke yake na ugomvi hataamini mara ya kwanza wala ya pili, na usimlaumu kwa hilo. Siku za mwanzo huenda utarudi na sentensi moja tu, kama vile "habari ya deni inaniletea aibu, kwa sababu sikukwambia mapema". Mwambie hiyo moja, kisha umsikilize.