Maswali ya Wasomaji: Kabla na Baada, Kipimo Kipi?

Swali: Assalaam aleykum. Nafanya utafiti wa kumalizia masomo ya uuguzi. Nimepima hemoglobini ya wajawazito kliniki, kabla ya vidonge vya kuongeza damu na baada ya wiki 8. Nimefanya kipimo cha t (cha kulinganisha wastani mbili) kwenye Excel, p (uwezekano wa kupata tofauti kama hii kwa bahati tu) imetoka kubwa, na huku naona kila mama damu imepanda. Mama watano wa mwanzo (g/dL): kabla 8.9, 10.6, 9.5, 11.2, 9.8, baada 9.3, 11.5, 10.1, 12.3, 10.3. Wapi pana kasoro?
*Msomaji, Wete*

Jibu: Wa aleykum salaam. Inaelekea umetumia kipimo cha makundi mawili ya watu mbalimbali, ilhali watu wako ni walewale. Fomula ya T.TEST inataka mambo manne: safu ya kwanza, safu ya pili, mikia (weka 2), kisha aina. Aina 1 ni ya jozi, nayo ndiyo yako. Aina 2 na 3 ni za watu tofauti.

Tupige hesabu kwa hao watano. Wastani umetoka 10.0 hadi 10.7. Ukiwahesabu kama watu kumi tofauti, kosa sanifu (kadiri tofauti ya wastani inavyoweza kuyumba kwa bahati) ni 0.67, kwa hiyo t ni 0.7 ÷ 0.67, yaani 1.04. Jedwali la t linadai ipite 2.306 ili p iwe chini ya 0.05, haikufika. Sasa toa kabla kwenye baada, mama kwa mama: 0.4, 0.9, 0.6, 1.1, 0.5. Wastani ni uleule 0.7, lakini mchepuko wa kawaida (jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika) ni 0.29. Ugawe kwa kipeuo cha pili cha 5, upate kosa sanifu la 0.1304, t inakuwa 0.7 ÷ 0.1304, yaani 5.37, na kiwango cha kuvuka ni 2.776. Kilichoizamisha hesabu ya kwanza ni tofauti baina ya mama na mama: huyu ameanza na 8.9, yule 11.2. Jozi inaiondoa hiyo.

Usiandike p peke yake. Andika ongezeko na mipaka yake ya uhakika wa 95%. Kwa hawa watano ni 0.34 hadi 1.06. Daktari anataka kujua damu imepanda kiasi gani.

Angalia na haya. Ukipanga safu moja kwa ukubwa na nyingine ukaiacha, jozi zimevunjika na Excel haitakwambia kitu. Mama asiyerudi kupimwa anatoka kwenye hesabu, lakini idadi ya waliopotea itajwe. Mchoro wa kengele (namba nyingi katikati, chache pembeni) unautafuta kwenye zile tofauti, si kwenye kila safu.

Na hata p ikiwa ndogo, usiseme ni vidonge. Maji ya damu huongezeka katika ujauzito, hemoglobini ikashuka katikati na kuelekea kupanda mwishoni, dawa au bila dawa. Tena ukichagua waliokuwa chini sana siku ya kwanza, wengi wao watapanda kidogo kwa bahati tu. Bila kundi la kulinganisha, andika "iliongezeka" na uishie hapo.

Swali: Nalinganisha mayai ya kichocho kwenye mkojo wa wanafunzi wa skuli 3. Nifanye vipimo vya t vitatu?
*Msomaji, Chake Chake*

Jibu: La. Kila kipimo kina nafasi ya 5% ya kukupa tofauti isiyokuwepo; vitatu vikikusanyika inaweza kufika karibu 14%. Isitoshe, mayai hayafuati kengele: watoto wengi wana sifuri, wachache wana mamia, na hao wachache ndio wanaovuta wastani. Tumia Kruskal-Wallis (kipimo cha makundi matatu au zaidi kisichodai kengele) na utaje kati (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) badala ya wastani. Ikionesha tofauti, linganisha skuli mbilimbili kwa Mann-Whitney (kipimo cha namna hiyo kwa makundi mawili), p ikiwa chini ya 0.017 (0.05 ÷ 3). Sifuri zikizidi nusu, kati nayo itakuwa sifuri kote. Hapo toa asilimia ya walioambukizwa, na ya wenye mayai 50 au zaidi kwa mililita 10, ulinganishe kwa kai-mraba (kipimo cha kulinganisha asilimia).