Kwa nini jirani amepata ruzuku ya malezi na wewe bado unasubiri: mafungu mawili ya bajeti ya Minnesota

Dada yangu, umeuliza kwa nini jirani yako hapa Minnesota, Marekani, alikubaliwa ruzuku ya malezi ya mtoto ndani ya mwezi mmoja, ilhali wewe, mwenye mshahara mdogo na watoto wawili, umeandikiwa barua kwamba jina lako limo kwenye orodha ya kusubiri. Nina leseni ya kulea watoto nyumbani kwangu, huu ni mwaka wa kumi na moja, na karibu nusu ya watoto wangu hulipiwa na jimbo, kwa hiyo swali lako nimelisikia mlangoni mara nyingi. Sidhani kwamba ofisa wa kaunti amekuonea. Jibu limo katika namna bajeti ya jimbo ilivyoandikwa.

Ruzuku tunayoiita CCAP ina jina moja na mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la familia zinazopokea msaada wa fedha wa MFIP, yaani mpango wa jimbo wa kuzisaidia familia maskini zenye watoto, pamoja na zile zilizotoka katika mpango huo karibuni na bado zimo katika mwaka wa mpito. Fungu hilo hufuata mahitaji: wataalamu wa fedha wa jimbo hukisia familia ngapi zitahitaji malezi, na idadi ikipanda, fedha huongezeka pamoja nayo bila wabunge kulazimika kupiga kura upya. Fungu la pili, ambalo ofisini huitwa BSF, ni la familia za kipato kidogo zilizo nje ya MFIP. Hilo Bunge huliwekea kiasi maalumu, kiasi hicho hugawiwa kaunti, na kaunti ikishafikia kikomo chake huanza kuandika majina. Kwa maelezo uliyotoa, yaelekea jirani yako alipitia fungu la kwanza, nawe unayefanya kazi bila kupokea msaada huo umeangukia la pili.

Niliwahi kuwa na watoto wawili wa umri mmoja, waliokula uji meza moja, mmoja akiwa katika fungu la kwanza na mwenzake akisubiri la pili. Mama wa huyu wa pili alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na alisubiri miezi minane. Nilimpunguzia ada kadiri nilivyoweza, lakini nami nina msaidizi wa kumlipa, na mwishowe mama yule alipunguza zamu zake ili mtoto akae naye siku mbili za wiki. Kwa kupunguza zamu alipunguza mshahara, na mwajiri alikosa mtu wa kuhudumia wazee wake. Hasara ya namna hiyo haionekani katika jedwali lolote la bajeti, na ndiyo iliyonipeleka mbele ya kamati ya Bunge, ambako nilipewa dakika mbili za kusema.

Kabla ya kwenda nilijifunza kalenda. Minnesota hupanga bajeti ya miaka miwili miwili: katika mwaka usiogawanyika kwa mbili gavana hutoa mapendekezo yake Januari, makisio mapya ya mapato hutoka Februari, Bunge hutakiwa kumaliza mwishoni mwa Mei, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda kulalamika Juni hukuta hesabu zimekwisha kufungwa.

Mwaka 2023, makisio ya Februari yalipoonyesha ziada ya dola bilioni 17.5, sekta yetu ilipata mambo mawili makubwa. Kwanza, viwango vya ruzuku vilipandishwa hadi mahali ambapo vinatosheleza ada ya nafasi tatu katika kila nne sokoni. Nilishukuru kwa dhati, kwa sababu hapo awali tofauti kati ya ada yangu na malipo ya jimbo niliibeba mimi au aliibeba mzazi. Hata hivyo, kiwango kikipanda kila mtoto hugharimu zaidi, na fungu lenye kikomo lisipoongezwa kwa uwiano huohuo hubeba watoto wachache kuliko awali. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona wazazi wakishangilia habari ya viwango wakidhani foleni itapungua.

Pili, malipo ya kusaidia mishahara ya walezi hayakukatika. Mwaka 2021 serikali ya shirikisho ilitoa dola bilioni 24 kwa nchi nzima ili vituo vya malezi visifungwe, lakini zilikuwa fedha za mara moja, na zilikoma Septemba 2023. Kwa fedha zile nilimwongezea msaidizi wangu mshahara, na kwa miezi kadhaa nilikuwa silali nikiwaza nitamwambia nini zikikatika. Bunge letu liliweka fedha za jimbo zenyewe kuanzia Oktoba 2023, nazo ziliandikwa kuwa za kudumu. Tangu hapo, nikisikia mwanasiasa akitangaza mamilioni, swali langu la kwanza ni kama yamo katika msingi wa bajeti au ni ya mara moja.

Shule ya awali ina njia yake ya kupata fedha, kwani hupitia kamati za elimu, na nafasi za shule ya awali ya hiari zilizoanzishwa hapa mwaka 2016 nazo zina kikomo. Oklahoma ilifanya vingine mwaka 1998: iliwaingiza watoto wa miaka minne katika kanuni ileile inayogawa fedha za shule, hivyo wilaya ikimwandikisha mtoto, fedha humfuata. New Mexico, mwaka 2022, wapiga kura waliridhia kuongeza mgao wa mwaka kutoka mfuko wa kudumu wa ardhi ya jimbo kwa asilimia 1.25 ya thamani ya mfuko huo, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ikienda kwa watoto wadogo. Naamini Minnesota inaweza kuifanyia BSF kama Oklahoma ilivyofanya, na hilo ndilo nililoomba katika dakika zangu mbili.

Kwa sasa, piga simu kaunti uulize uko katika kundi gani la kipaumbele, maana wazazi vijana ambao hawajamaliza sekondari, kwa mfano, hutangulizwa. Ukihama, toa anwani mpya siku hiyohiyo. Kaunti huhakiki orodha kila baada ya muda, na mama mmoja niliyemlelea mtoto aliondolewa kwa kuwa barua ya uhakiki ilikwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuhama, akaanza tena mwisho wa foleni.