Maswali na Majibu: Serikali Ina Kazi Gani Katika Kupanga Nyaya za Umeme?

Barua zilizotufikia tangu toleo lililopita zimejikita katika jambo moja: mtandao wa usambazaji wa umeme, yaani nyaya, nguzo na transfoma zinazotoka kwenye kituo cha kupoza umeme hadi kwenye mita ya mteja, na mchango wa serikali katika kuupanga na kuuboresha. Tumechagua nne.

Tangu mtambo mpya wa kuzalisha umeme uzinduliwe, tunaambiwa kwamba umeme upo wa ziada. Mbona taa zetu bado hufifia kila jioni, na jokofu hugoma kuwaka hadi usiku wa manane? Ziada hiyo inaishia wapi? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo, Mwalimu. Ziada hiyo inaishia njiani. Umeme ukitoka mtamboni husafirishwa kwa msongo mkubwa, kwa mfano kilovoti 132, 220 au 400. Kituo cha kupoza huushusha hadi kilovoti 33 au 11. Kisha transfoma ya mtaani huushusha tena hadi volti 230 zinazoingia nyumbani. Hatua hiyo ya mwisho ikibanwa, hakuna mtambo wowote, hata uwe mkubwa kiasi gani, utakaokusaidia. Waya unaopitisha mkondo mkubwa hupoteza volti nyingi njiani, na joto linalopotea hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ndiyo maana shida yako huja jioni, saa ambazo kila nyumba inapika, inapiga pasi na kuwasha taa kwa wakati mmoja.

Niliwahi kwenda na mafundi wawili kukagua transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo ambao transfoma inaweza kuubeba) iliyolalamikiwa kwa miezi mingi. Ombi la kununua kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuandikwa. Tulifika saa mbili usiku. Ilikuwa inavuma kwa sauti nzito, na mafuta yalikuwa yamechuruzika ubavuni mwake na kugandia vumbi. Fundi alipanda, akabana kipimo kwenye nyaya moja baada ya nyingine, akatusomea mkondo wa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazogawa umeme kwa wateja: fezi ya kwanza amperi 190, ya pili 70, ya tatu 55. Transfoma ya ukubwa ule inastahili kubeba kama amperi 144 kwa kila fezi. Ukijumlisha zote tatu, haikuwa imezidiwa hata kidogo. Ni fezi moja tu iliyokuwa inaungua, kwa sababu kwa miaka kadhaa kila mteja mpya alikuwa ameunganishwa kwenye waya uliokuwa rahisi kuufikia kutoka kwenye ngazi. Wateja kadhaa walihamishiwa fezi nyingine, na taa zikatulia. Hakuna kilichonunuliwa.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu upangaji wa mtandao huanzia pale pale, kwenye kujua nani ameunganishwa wapi na anatumia kiasi gani saa ngapi. Kuchelewa kujua kuna gharama kubwa. Karatasi ya kawaida inayokinga nyaya ndani ya transfoma huzeeka haraka mara mbili kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazozidi kiwango chake cha joto, kwa hiyo kifaa kilichotarajiwa kudumu miongo mingi kinaweza kufa mapema sana bila mtu yeyote kuona dalili nyingine zaidi ya mvumo na mafuta yale.

Mimi ni mhandisi. Sielewi kwa nini wizara na mdhibiti wanataka kuingilia mipango ya mtandao. Kazi ya kitaalamu si waachiwe wataalamu wa shirika? (Mhandisi)

Mhandisi mwenzangu, hesabu za mzigo (umeme unaotakiwa na wateja) na ukubwa wa waya ni zetu, na wala hakuna mdhibiti (chombo cha serikali kinachosimamia huduma ya umeme) mwenye busara anayetaka kutuchagulia aina ya fyuzi. Swali ambalo haliwezi kubaki mikononi mwetu peke yetu ni lile la fedha za nani zinatumika, kwa faida ya nani, na kwa kulinganisha njia zipi.

Mtandao wa usambazaji ni ukiritimba wa asili, kwani haina maana kujenga safu mbili za nguzo katika mtaa mmoja. Mteja hawezi kuhama, hivyo bei hupangwa na mdhibiti, na katika nchi nyingi kampuni huruhusiwa kupata faida ya asilimia fulani juu ya mtaji iliouwekeza. Mwaka 1962 wachumi wa Marekani Harvey Averch na Leland Johnson walionyesha matokeo ya utaratibu huo: kampuni hupata motisha ya kuwekeza mtaji mwingi kuliko unaohitajika, kwa kuwa chuma na zege huiletea faida, ilhali kupunguza mahitaji ya wateja hakuiletei kitu. Hapa hakuna anayedai kwamba wahandisi si waaminifu. Hata mwaminifu hupendekeza kile ambacho utaratibu unakilipia.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa New York. Kampuni ya Con Edison ilikadiria kwamba mzigo wa sehemu za Brooklyn na Queens ungezidi uwezo wa vituo vyake, na kwamba kituo kipya na nyaya zake vingegharimu takriban dola bilioni 1. Mwaka 2014 tume ya jimbo inayosimamia huduma hizo iliidhinisha mpango wa dola milioni 200 wa kupunguza mzigo wenyewe kwa taa na mashine zinazotumia umeme kidogo, betri, na makubaliano na wateja ya kupunguza matumizi saa za kilele. Ujenzi mkubwa ukaahirishwa. Tume iliiruhusu kampuni ipate faida hata kwa matumizi hayo ambayo si ya nguzo wala nyaya, na bila uamuzi huo wa kisera sidhani kwamba mpango ungetoka kwenye meza ya mtu.

Kwa hiyo ninachokitetea ni hiki: shirika lichore mpango wake wa miaka kadhaa mbele, liuweke hadharani, lionyeshe maeneo yatakayozidiwa na njia mbadala lilizozipima, na mdhibiti aupitie kabla fedha hazijatumika. Hilo la mwisho ni la lazima. Kebo ikishafukiwa ardhini, mteja ataendelea kuilipia kwa miongo mitatu au minne, iwe ilihitajika au haikuhitajika, na ukaguzi unaofanywa baadaye haurudishi chochote.

Niliomba kuunganisha paneli za sola za paa langu na gridi. Nimejibiwa kwamba "laini imejaa". Laini inajaaje wakati mimi nataka kuingiza umeme, si kuuchukua? (Msomaji mwenye paneli)

Swali lako ni zuri, na jibu ulilopewa ni fupi kupita kiasi, ingawa huenda si la uongo. Nyaya hizi zilisanifiwa kwa umeme unaoelekea upande mmoja, kutoka kituoni kwenda kwa mteja. Mchana wa jua kali, mapaa mengi ya laini moja yanapozalisha huku wenye nyumba wakiwa kazini, umeme hurudi nyuma na volti hupanda badala ya kushuka. Katika mifumo ya volti 230, kiwango kinachokubalika mara nyingi ni kuzidi au kupungua kwa asilimia 10. Ikipita volti 253, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ufanane na ule wa mtandao) hujizima na vifaa vya majirani huweza kuharibika. Hapo ndipo laini huhesabiwa kuwa "imejaa".

Lakini una haki ya kuuliza imejaa kwa hesabu ipi. Mashirika mengi yalizoea kutumia kanuni ya jumla, kwa mfano kutoruhusu sola kuzidi asilimia fulani ya mzigo wa kilele wa laini, bila kupima laini yenyewe. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2013 iliyozitaka kampuni kubwa za umeme kuwasilisha mipango ya mtandao wa usambazaji kufikia Julai 2015, na matunda yake mojawapo ni ramani za wazi zinazoonyesha kila kipande cha laini kinaweza kupokea kiasi gani cha uzalishaji mpya. Mwombaji huangalia ramani kabla ya kununua hata paneli moja. Teknolojia nayo imesogea: kiwango cha IEEE 1547, cha chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kilichorekebishwa mwaka 2018 kinazitaka inveta ziweze kusaidia kurekebisha volti badala ya kujizima tu. Inveta iliyopangwa vizuri inaweza kuongeza nafasi kwenye laini ile ile bila kubadilisha waya.

Andika tena ombi lako, uulize mambo mawili: volti ya juu kabisa iliyopimwa kwenye laini yako, na kama inveta yenye uwezo huo ingebadilisha jibu. Ikiwa hakuna aliyewahi kupima, mwombe mdhibiti aamuru kipimo kifanyike.

Je, kufunga mita janja ndiko kuboresha gridi kuwa ya kisasa? (Diwani)

Mheshimiwa, mita janja, yaani mita zinazopima matumizi na kutuma takwimu zenyewe, ni mwanzo tu. Italia ilianza mapema: kuanzia mwaka 2001 kampuni ya Enel ilifunga mita za aina hiyo kwa wateja karibu milioni 30. Faida yake hutegemea kinachofanywa na takwimu zake. Zikitumika kutoza bili pekee, kilichoboreka ni ofisi ya fedha. Zikipelekwa kwa wapangaji wa mtandao, zingeonyesha ile fezi ya amperi 190 niliyomsimulia Mwalimu bila mtu kupanda ngazi usiku.

Mji wa Chattanooga katika jimbo la Tennessee ulikwenda hatua nyingine. Shirika lake la umeme la umma, EPB, kwa msaada wa serikali kuu wa takriban dola milioni 111 uliotolewa mwaka 2009, lilitandaza nyuzi za mawasiliano na kufunga swichi zinazojiendesha. Mti ukiangukia waya, swichi hizo hutenga kipande kilichoharibika na kuwalisha wateja wengine kupitia laini ya pili kabla fundi hajafika. Hapo mwananchi huona tofauti kwa macho yake.

Mpango wa mita utakapoletwa mbele ya baraza lako, tafuta ukurasa unaotaja saa ngapi kwa mwaka mteja wa kawaida hukosa umeme leo, na saa ngapi atakosa baada ya mradi. Ikiwa ukurasa huo haumo, urudishe mpango kwa walioutayarisha.