Pilipili zinapukutisha maua Dodoma: kabla ya dawa, angalia ndoo ilipokaa

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Umesema uko Ipagala, una pilipili mbuzi na pilipili kichaa kwenye ndoo nyeusi, zimepangwa kwenye pevingi mbele ya nyumba. Miche imenawiri, maua yametoka kwa wingi tangu Oktoba ianze, ila yanapukutika yote bila kufunga tunda. Duka la pembejeo wamekuuzia busta (mbolea ya maji ya kunyunyizia majani), na kuna mdau hapo juu kakushauri uongeze mbolea ya yurea. Naomba sana usiweke hiyo yurea. Mimi nalima pilipili nyumbani hapa hapa Dodoma, miaka sasa, na wengi wanaonijia na shida kama yako dawa yao haipo dukani. Shida ni joto kwenye mizizi, upepo, na namna wanavyomwagilia.

Anza na ua lenyewe. Okota yaliyoanguka, yaweke kiganjani, tazama kikonyo. Kama kimegeuka njano na kimeachia pale kwenye kifundo, pasipo tundu wala alama ya kutafunwa, basi mche wenyewe ndio umelitupa. Mpilipili ukielemewa hutupa maua kwanza ili uokoe majani na mizizi. Mchana ukizidi nyuzi joto 32 au 33, au usiku ukibaki juu ya 24, chavua inaharibika na ua halifungi. Usiku wa baridi, chini ya nyuzi 15, nao unazuia.

Sasa iangalie Dodoma yetu. Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unaifaa pilipili kuliko usiku wa Dar es Salaam. Panapotuumiza ni mchana wa Oktoba na Novemba, kabla mvua haijashuka, na usiku wa Juni na Julai. Maua yako yametoka katika miezi migumu, halafu yamekaa juu ya pevingi. Pevingi inanyonya jua kutwa nzima na kuendelea kutoa joto hadi usiku umeingia, na ndoo nyeusi ni hivyo hivyo. Leo saa tisa alasiri chomeka kidole kwenye udongo, ubavu ule wa ndoo unaopigwa na jua. Ukikuta udongo una moto, usishangae kwamba mche umelowa maji na bado majani yamejikunja. Mizizi iliyopashwa hivyo hainywi vizuri hata maji yawepo.

Cha kwanza kabisa, toa ndoo kwenye pevingi. Zipandishe juu ya mbao au matofali ili hewa ipite chini. Ndoo yenyewe ipake chokaa kwa nje, au ivalishe mfuko wa salfeti na ujaze nyasi kavu katikati ya mfuko na ndoo. Mimi napenda mfuko kwa sababu haugharimu kitu na nyasi zinazuia joto kuliko rangi. Ukiweza kuhamishia ardhini, hamishia, na hapo usinyanyue tuta kama wanavyofanya Morogoro au Lushoto kwenye mvua nyingi. Huku kwetu mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inakuja kati ya Desemba na Aprili. Chimba kibonde, panda ndani yake, ili kila tone libaki shinani.

Mahali pa kuweka pana mtego, na hapa wengi wanachanganyikiwa. Pilipili inataka jua la kutosha, kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, lakini kwa mwezi huu inataka la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba au saa nane. Maana yake ni upande wa mashariki wa nyumba. Shida ni kwamba upepo wetu mkubwa nao unatoka huko huko mashariki na kusini mashariki, na upepo wa Dodoma kiangazi unakausha kila kitu. Ukiweka ndoo mashariki bila kinga, umekwepa jua ukaangukia upepo. Weka mashariki, kisha simamisha kinga upande wa upepo: mabua ya mtama au uwele yaliyofungwa pamoja, matete, au neti ya kivuli. Usizibe kabisa kwa bati, kwa sababu upepo ukigonga bati unaruka juu na kushuka kwa kishindo upande wa pili. Mabua yanaupunguza nguvu tu, na ndicho tunachotaka. Bibi mmoja jirani yangu, mtu wa Mvumi, yeye mpilipili wake ameupanda ukingoni mwa kivuli cha mwarobaini, na miezi ambayo sisi wengine tunaokota maua chini yeye anachuma.

Kumwagilia. Unasema unamwagilia kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Hiyo acha, mkuu. Maji kidogo yanalowesha juu tu, mizizi inabaki juu kwenye joto, na chumvi inajikusanya. Maji yetu mengi ya Dodoma ni ya visima, ni magumu. Unalijua lile gamba jeupe kwenye birika la chai. Gamba hilo hilo litazame pembezoni mwa udongo wa ndoo yako, na kwenye matundu ya chini. Kama lipo, na ncha za majani zimeungua kahawia, chumvi imeshaanza kuuchosha mche, maana pilipili haiivumilii sana. Mwagilia mara moja, alfajiri, kwa kina. Ndoo ya lita 20 yenye mche mkubwa mimi naipa kati ya lita 2 na 3 kwa mkupuo mmoja, kisha naingoja. Kesho yake nachomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu, siongezi. Kila baada ya wiki mbili hivi namwaga maji mengi mpaka yatiririke chini kwa muda, yaondoke na chumvi. Mvua ya kwanza ikinyesha, toa ndoo zote nje, na kinga maji ya bati kwa ajili yake.

Juu ya udongo tandaza maganda ya karanga au nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, ila yasiguse shina. Ukiniambia uchague kitu kimoja tu katika yote niliyoandika, nitakwambia matandazo. Kwa mgao wa maji tulio nao, siku mbili bila bomba kutoa maji ni kawaida, na matandazo ndiyo yanayouvusha mche. Kama unasafiri, toboa kizibo cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, ijaze, ichomeke kichwa chini karibu na shina.

Jambo la majani kulala mchana lisikutishe. Yakilala saa nane na kusimama tena jioni, mche unajikinga tu. Yakiwa yamelala saa moja asubuhi, hapo kuna jambo: ama kiu ya kweli, ama mizizi imeoza kwa maji yasiyopata pa kutokea. Angalia matundu ya ndoo kabla ya kuongeza maji.

Kuhusu yurea. Ni naitrojeni tupu. Mche wako tayari una majani mengi ya kijani iliyokolea, ukiuongezea utaota majani zaidi na maua yatazidi kuanguka. Samadi ya mbuzi tunayo tele mkoa huu, tena bei nafuu, ila iwe imeoza vizuri, isiyo na joto wala harufu ya mkojo. Changanya samadi sehemu moja kwa udongo sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Mbichi inaunguza mizizi, na nayo ina chumvi yake. Matunda yakianza kufunga, ongeza viganja viwili vya samadi juu ya ndoo kila mwezi. Majivu mnayoshauriana kuweka kwa maji haya magumu sikubaliani nayo, yanapandisha magadi kwenye udongo ambao tayari unayo.

Wadudu usiwapuuze, maana kiangazi cha Dodoma ni sikukuu ya utitiri mwekundu. Huwaoni kwa haraka. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani kwa kidole mara mbili tatu. Ukiona vidoto vinatembea kwenye karatasi, na jani kwa juu lina madoa madoa ya rangi ya vumbi, ndio wenyewe. Osha majani kwa chini kwa maji yenye nguvu, siku kadhaa mfululizo. Kisha twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni ya mche kidogo, nyunyiza jioni jua likizama, uvunguni mwa jani. Usinyunyize mchana, majani yataungua. Hapo hapo angalia inzi weupe, maana wanaeneza virusi vya majani kukunjamana, na mche ukishapata huo ugonjwa ng'oa uchome, hauponi.

Pilipili hujichavusha yenyewe, lakini kwenye kona isiyo na upepo wala nyuki tikisa matawi taratibu kila asubuhi maua yanapofunguka. Hiyo ni kazi ya dakika moja na inasaidia kweli.

Na kwa yule aliyeuliza kama hoho yake itakuwa kali kwa kukaa jirani na kichaa: tunda la msimu huu halibadiliki. Kinachoweza kuchanganyika ni mbegu, kwa hiyo usihifadhi mbegu za hoho hiyo ukitegemea hoho tamu mwakani. Ukali wenyewe unakaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, si kwenye mbegu. Ndege hawausikii ukali huo, ndiyo maana wanazila kichaa na kuziotesha chini ya miti.

Mkuu, miche yako usiing'oe. Pilipili ikitunzwa inaishi zaidi ya mwaka. Pogoa ncha ndefu kidogo sasa, ivushe hadi mvua za Desemba, joto likishuka maua mapya yatafunga. Wiki hii hamisha ndoo, weka matandazo, badilisha umwagiliaji, kisha tuwekee hapa picha ya majani kwa chini na ya udongo pembezoni mwa ndoo, tuone kama ni chumvi au utitiri.