Wapya wa Januari, Acheni Kusingizia Asidi

Bonanza la mazoezi la tarehe 1 Januari pale uwanja wa Amaan, Zanzibar, likishapita, kikundi chetu cha mazoezi hujaa wageni. Siku mbili baadaye nusu yao hawaonekani, na waliobaki wanashuka ngazi kinyumenyume wameshika ukuta. Nakupendeni, lakini nimechoka kujibu suala lile lile: "Mwalimu, hii asidi inayouma itatoka lini?"

1. Si asidi. Asidi laktiki, ile ambayo msuli huitoa ukifanya kazi kwa nguvu, huisha mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi. Haiwezi kukusubiri mpaka kesho kutwa alfajiri ikakuliza kwenye rukuu. Mwanasayansi Theodore Hough wa Marekani aliandika tangu 1902 kwamba maumivu haya ya kuchelewa yanatokana na kuchanika ndani ya msuli wenyewe. Nyuzi zikiumia, mwili huleta uvimbe wa kuzitengeneza, na kilele cha maumivu ni baina ya saa 24 na 72 baada ya zoezi.

2. Kinachovunja ni kushuka. Kupanda kilima cha Masingini kunakata pumzi tu. Kuteremka ndiko kunakomaliza mapaja, kwa kuwa msuli unavutwa huku unajikaza. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, nayo ni hivyo hivyo, na hapa sina budi kusema yangu. Alikuja kijana mmoja, mpole, hajui kukataa. Nikamkamulia skwati mpaka magoti yakatetemeka. Kesho yake akaniambia, "Mwalimu, mapaja hayakunjiki." Nikamcheka. "Asidi hiyo, itoe kwa jasho!" Nikamrusha tena, skwati za kuruka, jua la saa tisa, na maji sikumkumbusha. Usiku mama yake akanipigia: mtoto anakojoa rangi ya chai kavu. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akanieleza taratibu, bila ya kunigombeza, kwamba msuli ukivunjika kupita kiasi humwaga mayoglobini, protini ya msuli, kwenye damu, na figo zinaweza kuzimika. Alipona. Mama yake bado ananisalimia kwa "alaa" fupi, na nastahiki.

3. Anza na kidogo. Zoezi lile lile wiki ijayo halitakuliza kama leo.

4. Kunyoosha viungo hakuzuii maumivu. Nyoosha ukipenda.

5. Diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kukimbia, yakhe, tena na kiu? Figo zile zile ndizo zinazoumia. Juzi nimemkuta mtu anaimeza getini. Nimemrudisha kwao, na ada yake ya mwezi nimebaki nayo.