Maswali ya Wasomaji: "Gaa" ya Kiurdu na "ta" Yetu

Barua za lugha zilizotufikia safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kusema nitafanya, utakuja, watatuma kwa Kiurdu. Tumejibu sita. Katika mifano yetu, irabu iliyoandikwa mara mbili (aa, ii, uu) ivutwe, na n inayotangulia gaa, ge au gii itokee puani.

SWALI: Nimeposwa na familia inayozungumza Kiurdu nyumbani, kwa hiyo najifunza kwa rekodi za simu. Mwalimu wa kwenye rekodi ni mwanaume. Nilipomwambia wifi mtarajiwa "main khat likhuun gaa", nitaandika barua, alicheka akasema mimi niseme gii. Kwa nini kitenzi kinabadilika wakati anayesema ni "mimi" yuleyule? (Msomaji, Mwanga)

JIBU: Wifi yako yuko sahihi, dada. Kitenzi cha wakati ujao katika Kiurdu kina mikia miwili, na kila mkia una kazi yake. Wa kwanza unaonyesha nafsi, kama ni-, u- na a- zetu, ila unakaa nyuma ya shina. Wa pili unaonyesha kama mtendaji ni mwanamke au mwanaume, mmoja au wengi. Huo wa pili hatuna katika Kiswahili, ndiyo maana tunausahau.

Anza na kitenzi-jina, ambacho kwa Kiurdu huishia na naa: likhnaa, kuandika. Kata naa, linabaki shina likh. Sasa tia mkia wa nafsi. Kwa main (mimi) ni uun: likhuun. Kwa vo (yeye), na kwa tuu (wewe wa karibu mno), ni e: likhe. Kwa tum (wewe wa kawaida, au ninyi) ni o: likho. Kwa ham (sisi), aap (wewe wa heshima) na vo ya wingi (wao) ni en: likhen. Usikimbilie mbele kabla ya kutua hapa, kwa sababu ulichonacho tayari ni neno kamili. "Main likhuun?" ni "niandike?" na "vo likhe" ni "aandike". Ni ile hali yetu ya kuomba, kutaka na kupendekeza, ile inayoishia na -e. Anayesahau mkia wa pili hasemi tena "nitakuja". Anasema "nije", na msikilizaji atadhani anaombwa ruhusa.

Ndipo unatia mkia wa pili: gaa kwa mwanaume mmoja, ge kwa wanaume wengi au kundi lililochanganyika (na kwa mwanaume mmoja pia ukimwita tum au aap), gii kwa mwanamke, awe mmoja au wengi. Wewe utasema "main likhuun gii", mchumba wako "main likhuun gaa". Dada yake: "vo likhe gii". Kaka yake: "vo likhe gaa". Wazazi wake kwa pamoja: "vo likhen ge". Jambo moja la kushangaza utalisikia: wanawake wengi wakisema ham hutumia ge hata wakiwa peke yao, "ham likhen ge". Usiwasahihishe.

Kwa nini mkia huu unafuata jinsia? Kwa sababu asili yake ni neno la zamani lenye maana ya "aliyekwenda", ndugu wa gayaa, "alikwenda", ambayo nayo hugeuka gaye na gayii. Kiswahili kilipita njia ya jirani: -ta- yetu imetokana na kutaka, na taka lenyewe bado linaonekana ukisema "atakayekuja". Sisi tulichukua kutaka, wao wakachukua kwenda.

Vitenzi vitatu vinakwenda mkato, navyo hutumika kila saa. Lenaa (kuchukua): luun gii, le gaa, lo ge, len ge. Denaa (kutoa, kumpa mtu): duun gii, de gaa, do ge, den ge. Honaa (kuwa): huun gii, ho gaa, ho ge, hon ge. Irabu ya shina na ya mkia zimekuwa moja, basi. Jaanaa (kwenda) na aanaa (kuja), vinavyosumbua sana katika wakati uliopita, huku vimenyooka: jaauun gii, aauun gii.

Kwa mazoezi, chukua kitenzi kimoja kwa siku, ukiseme kwa sauti katika nafsi zote saba, mzunguko wa kwanza kama mwanamke na wa pili kama mwanaume. Mzunguko wa pili ni wa kuzoeza sikio tu. Rekodi ya mwalimu isikilize kwa ajili ya matamshi, lakini kila anaposema gaa kuhusu nafsi yake, wewe rudia kwa gii. Usimwigize hapo.

SWALI: Nauza dagaa Kibirizi. Nina mteja Dar es Salaam tunayeandikiana kwa Kiurdu cha herufi za Kilatini. Niliandika "main kal machhlii bhejuun gii" nikikusudia "kesho nitatuma samaki", akaniuliza kama ni mke wangu anayeandika. Halafu kal yenyewe, kamusi inasema jana, rafiki yangu anasema kesho. Nishike lipi? (Mfanyabiashara, Kibirizi)

JIBU: Tunadhani kosa lako la kwanza limetoka katika wakati uliopita, ambao wengi hufundishwa mapema. Huko, ukiwa na kitenzi chenye yambwa (kitu kinachotendwa), mtendaji hupewa ne na kitenzi humfuata yambwa: "main ne kal machhlii bhejii", jana nilituma samaki. Machhlii ni neno la kike, kwa hiyo bhejii imekuwa ya kike ingawa mtumaji ni mwanaume. Ukaichukua kanuni hiyo ukaivusha hadi wakati ujao, ambako haina kazi. Wakati ujao hauna ne, na kitenzi humtazama mtendaji peke yake. Samaki wawe wa kike au wa kiume, gunia liwe moja au mia, wewe mwanaume unasema "bhejuun gaa".

Kal ni yote mawili. Ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote, na kitenzi ndicho kinachoamua. "Kal bhejuun gaa" ni kesho. "Kal bhejii" ni jana. Parson nayo ni hivyohivyo, juzi au keshokutwa. Katika mazungumzo kamili hakuna utata. Utata unaingia kwenye ujumbe mfupi, pale mtu anapojibu "kal" peke yake bila kitenzi, na mzigo ukiwa wa dagaa siku moja ina thamani. Taja siku: "jumeraat ko bhejuun gaa", nitatuma Alhamisi. Neno hilo ni juma, Ijumaa, likiungana na raat, usiku. Aliyezoea kuuita usiku wa Alhamisi "usiku wa Ijumaa" hatalisahau.

Na katika ujumbe wa simu, wenyewe huandika neno lote kwa pamoja, bhejunga au bhejungi. Ng hiyo itamke kama ya jenga, si kama ng' ya ng'ombe.

SWALI: Nimesoma madrasa hapa Ujiji, herufi za Kiarabu nazisoma vizuri. Lakini nikiandika wakati ujao wa Kiurdu kwenye simu, naambiwa nimeandika vibaya. Nionyesheni. (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Bila shaka unatumia kibodi ya Kiarabu. Weka ya Kiurdu, kwa sababu herufi tatu unazozihitaji hapa Kiarabu hakinazo au hakizitenganishi.

Ya kwanza ni گ, gaaf. Ni kaaf yenye mistari miwili juu. Ukiandika kwa kaaf ya mstari mmoja unapata "kaa", yaani neno "cha/wa", na sentensi inavunjika.

Ya pili ni ں, nuni isiyo na nukta, ambayo ni alama ya sauti ya puani mwishoni mwa neno. Tazama "nitakwenda" ya mwanaume: جاؤں گا. Jiim, alifu, wau yenye hamza, nuni isiyo na nukta, halafu nafasi, kisha gaaf na alifu. Nafasi hiyo ni muhimu. Utakutana na wanaounganisha, wakaitia nuni nukta: جاؤنگا. Inasomeka, lakini maandishi ya vitabu hutenganisha, nasi tunakushauri utenganishe tangu mwanzo.

Ya tatu ni yee, na hapa ndipo maana hubadilika. Kiurdu kina mbili mwishoni mwa neno. Yee ndogo ی inatoa ii: گی ni gii, ya mwanamke. Yee kubwa ے, iliyolala chini ikielekea kulia, inatoa e: گے ni ge, ya wanaume wengi. Kwa ya ya Kiarabu huwezi kuonyesha tofauti hiyo, na msomaji hajui umemtaja nani.

Hamza ina kanuni rahisi. Shina likiishia na aa, weka hamza kabla ya mkia: جائے گا (jaae gaa), جائیں گے (jaaen ge). Likiishia na konsonanti, usiweke: کرے گا (kare gaa), لکھوں گا (likhuun gaa).

Ukiwa hapo, itazame ھ ndani ya لکھوں. Inamaanisha k inayotoka na pumzi, si kh ya kheri. Katika ile sentensi ya dada wa Mwanga, "khat likhuun gii", kh ya khat (خط) ndiyo ya kheri. Ya likhuun ni k na pumzi. Herufi za Kilatini zimezifanya mapacha. Wewe unayesoma خ tangu utotoni huna sababu ya kuzichanganya.

SWALI: "Sitakuja" nasemaje? Na "mvua ikinyesha sitakuja"? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Weka nahiin mbele ya kitenzi, mengine yabaki yalivyo: "main nahiin aauun gaa", au gii. Neno la Kiurdu "na" hutumika kukanusha ile hali ya "nisije": "main na aauun". Kwa sharti, agar ndiyo "kama", na to hufungua upande wa pili: "agar baarish huii to main nahiin aauun gaa". Huii kwa umbo ni wakati uliopita, "imenyesha", lakini ndani ya sharti linalotazama mbele ndiyo namna ya kawaida. "Agar baarish ho gii" pia si kosa.

SWALI: Mama mkwe wangu anakuja kutoka Lahore. Nikimuuliza atafika lini, nimwambie tum au aap? Nilisikia mtu akisema "aap kab aao ge". (Msomaji, Katubuka)

JIBU: Aap, bila kujadili. Na aap inakwenda na en, hata kama unayemwambia ni mmoja. Kwa kuwa ni mwanamke, mwisho ni gii: "aap kab aaen gii?" Kwa baba mkwe: "aap kab aaen ge?" Ukiwazungumzia wakiwa hawapo, heshima hiyohiyo inabaki: "ammii kal aaen gii", mama atakuja kesho. Ukisema "aae gii" umemshusha hadi kiwango cha mdogo wako wa kike.

"Aap aao ge" utaisikia kwa baadhi ya wasemaji. Imechukua kiwakilishi cha heshima na mkia wa tum. Mwenyeji anaweza kuisema akaeleweka. Mkwe mgeni akiisema, inasikika kama ametoa heshima kwa mkono mmoja akairudisha kwa mwingine. Usianze nayo.

SWALI: Kwenye maongezi nasikia gaa mahali ambapo hakuna habari ya kesho, kwa mfano "vo ghar par ho gaa" wakati mtu anaulizwa sasa hivi. Na mara nyingine jambo la mbele linasemwa bila gaa. Inakuwaje? (Msomaji, Gungu)

JIBU: La kwanza unalo tayari mdomoni. Ukiulizwa fulani yuko wapi, huna hakika, unajibu "atakuwa nyumbani". Hiyo si ahadi ya kesho, ni kukisia hali ya sasa. "Vo ghar par ho gaa" ni hiyohiyo neno kwa neno. "Vo so rahaa ho gaa", atakuwa amelala. Akiwa mwanamke, "so rahii ho gii", na uangalie kwamba rahaa nayo imegeuka. Ni mahali pachache ambapo Kiswahili kinakupeleka Kiurdu moja kwa moja, basi patumie.

La pili lina njia mbili. Jambo la sasa hivi husemwa kwa wakati uliopo: "main abhii aataa huun", nakuja sasa hivi, mwanamke "aatii huun". Jambo lililokaribia kabisa huchukua kitenzi-jina chenye naa iliyogeuzwa ne, kisha vaalaa au vaalii. Chukua gaarii, ambayo ndiyo iliyotupa neno gari, nayo kwa Kiurdu ni ya kike. Uko kituoni Kigoma na treni bado haijaonekana, lakini ratiba unaijua: "gaarii aae gii", itakuja. Honi imesikika na watu wanainua mizigo: "gaarii aane vaalii hai".