Nguo au pesa kwa watoto wa Sudan?

Dada yangu, umeuliza kama zile nguo mlizokusanya hapo Wete, Pemba, zipelekwe kwa watoto wa Sudan. Mimi naona ziuzwe hapahapa, iende pesa. Kusafirisha marobota kunaweza kula zaidi ya thamani yake, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vimefunga njia nyingi. Pesa hununua kinachohitajika khasa. Mtoto aliyedhoofu kwa njaa hupewa paketi ya gramu 92: karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Haipikwi wala haichanganywi na maji, na hilo ni kubwa sana pale ambapo maji yenyewe si salama. Mtoto huiminya akanyonya mwenyewe. Pitishieni UNICEF au Hilali Nyekundu ya Sudan.

Na asikwambie mtu kuwa haya hayatuhusu. Baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji wa upinzani Pemba na Unguja Januari 2001, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Shangazi yangu alikuwemo. Hadi leo huutaja ule uji aliopewa mwanawe pale pwani, na kila akiutaja hunyamaza kidogo.